Usukani wa Admasu

Siku Shimelis alipotangaza kwamba gari la mume wangu limekufa, alikuwa na kolo mdomoni. Alikuwa amekaa kwenye godoro la wageni ndani ya turubai la msiba, viatu vyake vyenye ncha amevivua na kuvipanga mahali pa kuonekana, akasema huku akitafuna shayiri:

"Gari lile limemfuata mwenyewe. Usukani unatetemeka kama mkono wa mlevi. Mimi nimeuza magari tangu sijaota ndevu. Gari likianza kukata roho nalijua."

Wanaume wakatikisa vichwa kwa huzuni, kana kwamba wameletewa habari ya maiti wa pili.

Shimelis ni mdogo wake Admasu. Wametoka tumbo moja, wamelelewa nyumba moja, na bado kuna siku siamini. Admasu hakuwahi kusema neno juu ya kitu ambacho hajakigusa. Shimelis hakuwahi kugusa kitu ambacho hajakisemea kwanza. Kazi yake ni udalali wa magari kule Addis Ababa, na dalali wa aina yake hahitaji kujua gari. Anahitaji kujua uso wa mwenye gari. Akiona uso umechoka, anashusha bei. Wangu ulikuwa umechoka.

Tayari alikuwa na mnunuzi. Alimtaja mapema mno, kabla hata chama cha kuzikana hakijaja kuchukua masufuria yao. "Nina jamaa atalichukua hivyohivyo lilivyo, kwa kutuhurumia tu," alisema. Nilimfahamu huyo jamaa anayehurumia. Alikuwa anakunywa naye kahawa kila asubuhi.

Gari lenyewe lilikuwa la kijivu, la mgongo mrefu, viti vya nyuma tumeving'oa. Mimi na Admasu tulikwenda nalo Modjo na Meki kuchukua pilipili nyekundu zilizokaushwa, tukazileta kwa wanawake wa mjini wanaosaga viungo. Yeye akiendesha kwenda, mimi naendesha kurudi, kwa sababu pilipili zilimchoma macho. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu na hatukuwa na nyingine. Gari likiuzwa, ningerudi Debre Birhan kwa kaka zangu, kuwapikia wake zao na kuitwa masikini ya Mungu mpaka nife.

Wa kuamua alikuwa Gashe Woldeyes, baba yao mdogo, Gashe likiwa jina la heshima kwa mzee. Katika ukoo wao vitu vya marehemu hugawanywa siku ya arobaini, na neno la mkubwa likitoka halirudi. Gashe Woldeyes alikuwa mzee mwembamba, mpole, asiyependa makelele. Mtu wa namna hiyo humpa haki anayepiga makelele zaidi, ili anyamaze.

Naye Shimelis hakusema uongo wote. Usukani ulitetemeka kweli. Habari niliitoa mwenyewe, nilipomwambia Abonesh, dada yao mkubwa, tunayemwita Etiye kwa heshima, tukiwa jikoni tunachemsha ngano ya wageni. Kumwambia Etiye Abonesh jambo ni sawa na kulipigia kengele ya kanisa. Kahawa ilikuwa haijamiminwa mara ya pili turubai zima lilipokuwa limekwisha kuwa gereji.

"Bolijointi hizo," alisema mmoja akiwa amelala chali.

"Bolijointi gani? Shokapu!"

"Injini imelegea kwenye viti vyake," alisema wa tatu, mtu ambaye maishani mwake amemiliki punda tu.

"Chasisi," akasema Shimelis, na wote wakanyamaza, maana chasisi ni neno la kuogopesha. "Chasisi imepinda. Hapo hakuna fundi. Hapo ni kuuza upesi kabla halijaua mtu."

Hakuna aliyetoka nje kulitazama. Lilikuwa hatua chache tu, ukutani. Hakuna aliyeniuliza linaanza kutetemeka kwenye mwendo gani, linaacha wapi, ni usukani peke yake au na kiti pia. Nilikuwa nimekaa palepale, shuka la netela limefunika nusu ya uso wangu kama inavyompasa mjane, na mimi ndiye niliyekuwa nimeushika usukani huo. Waliniuliza kitu kimoja tu: kama kahawa imebaki.

Nilikwenda Modjo wiki hiyohiyo. Pilipili zilikuwa zimelipiwa na Admasu kabla ya kuugua, na zingeoza. Etiye Abonesh akapanda nami, kwa kuwa mjane hatembei peke yake kabla ya arobaini. Namheshimu Etiye Abonesh jinsi mtu anavyomheshimu ng'ombe mwenye pembe ndefu: napita mbali kidogo.

Tulipoingia barabara kuu ya kulipia, ile iendayo Adama, niliongeza mwendo polepole. Mpaka themanini gari lilikuwa kimya. Kwenye tisini usukani ukaanza kunikuna viganja. Kwenye mia ukawa unacheza kulia na kushoto mpaka pete yangu inagonga. Nikaongeza tena, na karibu na mia na ishirini ukatulia kidogo.

Nikatoa gia, nikaliacha gari liserereke lenyewe.

"Unafanya nini?" Etiye Abonesh akashika mlango.

"Nalisikiliza."

"Sikiliza barabara! Unataka turudishwe wawili kwenye kaburi moja?"

Injini ilikuwa inapumua tu, haivuti kitu, na usukani ukaendelea kutetemeka vilevile. Basi si injini. Nikagusa breki kidogo: haukuzidi. Basi si diski za breki. Kiti changu kilikuwa kimetulia, na chupa ya maji aliyoipakata Etiye Abonesh haikuwa na hata wimbi. Mtetemo ulikuwa mikononi mwangu tu. Magurudumu ya nyuma yakiwa mabovu hutetemesha makalio. Ya mbele hutetemesha mikono. Hayo alinifundisha Admasu. Hakuwa ananipa somo. Alikuwa anapenda kuzungumza na gari akiendesha, nami nilikuwa nimekaa hapo.

"Magurudumu ya mbele," nikasema.

"Si magurudumu," Etiye Abonesh akasema, macho yameanza kulowa. "Ni yeye. Ameushika. Hataki kuuachia."

 Kama Admasu angeushika usukani, usingetetemeka.

Fundi wetu wa matairi aliitwa Nuredin, na kibanda chake kiko karibu na sokoni Kaliti. Ni mtu mwenye mashine nzuri na uvivu mkubwa. Alichungulia chini ya gari, akapiga mluzi.

"Dada Zenebech, mmelima? Nyuma ya rimu huku kuna shamba zima. Lioshwe kwanza, ndipo nilipime."

Hapo lazima nieleze. Admasu tulimzika mwezi wa Nehase, mvua ikiwa imefungulia, kwenye kanisa la kijiji chao, kule nyuma ya Bishoftu. Udongo wa huko ni mweusi, na ukilowa hunata kama unga wa injera uliochachuka. Gari lilifuata jeneza mpaka karibu na kaburi, likazama, wanaume wakalisukuma. Kwa watu wa kijiji hicho, tangu siku ya maziko mpaka misa ya arobaini mwanamume wa nyumba hanyoi ndevu, mwanamke hasuki nywele, na chombo kilichofuata jeneza hakioshwi. Matope ya kaburi hukaa nacho. Siku ya arobaini padri hukinyunyizia maji ya baraka, ndipo huoshwa.

Zamani chombo hicho kilikuwa nyumbu. Nyumbu hafiki kilomita mia kwa saa.

"Halioshwi," Etiye Abonesh akamwambia Nuredin.

"Mama, mashine hii inapima uzito. Sasa itapima na matope."

"Matope hayo ni ya ndugu yangu."

"Poleni. Lakini ni matope."

"We kijana! Mama yako yuko hai?"

"Yuko hai, Etiye."

"Basi siku akifa utaelewa. Usiguse!"

Nuredin akanitazama mimi, nami nikamtazama yeye. Angeweza kukataa kazi. Fundi anayejiheshimu angekataa. Akainua mabega, akayafungua magurudumu ya mbele, akayazungusha kwenye mashine na matope yake yote, na kila mashine ilipodai akagongelea ukingoni kipande cha risasi cha kusawazisha uzito. Alizibandika nyingi, zikafuatana kama mkufu wa bibi harusi.

"Mashine inasema sawa," akasema. "Mimi nafuata mashine."

Na kweli, tulipopita barabara kuu jioni hiyo usukani ulikuwa umetulia kabisa. Nikawaambia nyumbani kwamba gari limepona. Shimelis akacheka kwa pua.

"Shemeji, gari halina malaria. Halitapiki likapona. Ngoja."

Nilingoja. Mvua zikakatika, mwezi wa Meskerem ukaingia, maua ya njano yakajaa kandokando ya barabara na jua likaanza kuchoma. Gari lilisimama ukutani likikauka. Siku zilipokaribia arobaini Gashe Woldeyes akasema atakwenda mwenyewe kijijini kupanga misa na mapadri, na kwamba atakwenda kwa gari hilohilo.

"Nitalipanda," alisema kwa sauti yake ndogo. "Likiwa zima, litabaki hapa nyumbani. Likiwa bovu, Shimelis amlete mtu wake. Sitaki kulisikia tena gari hili. Nimechoka nalo kuliko msiba wenyewe."

Shimelis akasema ataendesha yeye. Alikuja amevaa suti ya kijivu na miwani ya jua, akarekebisha kioo ajitazame, halafu akakirekebisha tena atazame nyuma. Gashe Woldeyes akakaa mbele. Mimi na Etiye Abonesh tukakaa nyuma, juu ya magunia matupu ya pilipili. Gashe Woldeyes alipiga chafya mpaka tukatoka mjini.

"Harufu hii," akasema Shimelis, "pia inashusha bei."

Tulipoingia barabara kuu hakuongeza mwendo polepole. Alikanyaga mara moja, kama anayempiga mtu. Mshale ulipofika tisini usukani ukaruka mikononi mwake. Haikuwa kama mwanzo. Ilikuwa mbaya zaidi: kisanduku cha mbele kilikuwa kinagonga, miwani ya Shimelis ikamshuka puani, na sauti ya Gashe Woldeyes ikatoka vipandevipande.

"Pu-pu-punguza!"

"Umeona, Gashe?" Shimelis alikuwa anapiga kelele kwa furaha. Furaha kabisa, juu ya gari la ndugu yake. "Umeona mwenyewe? Na hapo limetengenezwa! Fundi wake mashuhuri amelitengeneza! Nilisema nini mimi? Chasisi!"

"Punguza, nimeona."

"Etiye, umeona?"

"Nimeona, nimeona! Mtakatifu Gabrieli!"

"Shemeji, na wewe umeona?"

"Ona barabara," nikamwambia.

Alipunguza, gari likanyamaza. Gashe Woldeyes akatoa leso akajifuta mikono ambayo haikuwa na kitu. "Basi," akasema. "Tukirudi, mwite huyo mtu wako." Alisema bila kugeuka, na mambo yangu yalikuwa yamekwisha hapo, katikati ya malori ya saruji.

Nilifikiri kitu kimoja tu. Mtetemo uliokuwa umetulia umerudi bila gari kwenda popote. Lilisimama tu juani. Chuma hakipindi kikiwa kimesimama ukutani.

"Shimelis, toka barabara kuu hapo Dukem," nikasema. "Nataka kutazama magurudumu."

"Ya nini tena?"

"Nataka kukojoa," nikasema. Hilo hata Shimelis hawezi kulipinga mbele ya baba yake mdogo.

Tukatoka Dukem, tukasimama kwenye kituo cha mafuta. Sikwenda chooni. Nilifunga netela kiunoni, nikatoa jeki, nikalifungua gurudumu la kushoto. Shimelis alisimama mbali mikono mifukoni, akiilinda suti yake. Gurudumu lilipotoka nilililaza chali nikatazama ndani ya rimu.

Upande mmoja udongo mweusi ulikuwa bado umejaa, mgumu kama tofali. Upande wa pili chuma kilikuwa kitupu, kinang'aa. Jua lilikuwa limeukausha, ukapasuka, na tulipoingia barabara kuu bonge zima likaachia likaanguka. Tulikuwa tunazungusha gurudumu lenye tofali upande mmoja.

"Gashe, njoo uone," nikaita. "Hii ndiyo chasisi ya Shimelis."

Mzee akaja, akainama, akatazama. Sidhani kama alielewa. Lakini Etiye Abonesh alielewa upesi sana niliposhika bisibisi.

"Zenebech! Usithubutu!"

"Etiye, ndio unaotetemesha."

"Huo ni udongo wa kaburi lake! Siku zimebaki za kuhesabu tu. Utashindwa kumngoja mume wako siku chache?"

"Gari litauzwa leo jioni."

"Liuzwe! Gari ni gari!"

"Kwako," nikasema. Sikuwahi kumjibu hivyo Etiye Abonesh, na wahudumu wa kituo walikuwa wamesogea kusikiliza. "Kwako gari ni gari. Unataka niutunze udongo huu kwenye rimu mpaka nife kwa kaka zangu? Admasu hayumo humu. Yeye alikuwa anaosha rimu kila Jumamosi kwa mswaki wa zamani, na wewe ulikuwa unamcheka."

Nikachomeka bisibisi. Udongo ulitoka kwa mabonge, ndani yake mna vipande vya majani makavu, na kila bonge lililoanguka Etiye Abonesh alilia kama ananiona nafukua. Sitasema haikuniuma. Lakini mikono yangu haikusimama. Nikafanya la kushoto, nikafanya la kulia, nikaomba mpira wa maji nikayaosha mpaka yakawa meusi safi, nikayarudisha. Shimelis akawageukia wahudumu.

"Mnamwona mjane wetu? Anaomboleza kwa spana."

"Lete ufunguo," nikamwambia. "Sasa naendesha mimi."

Alinipa kwa dharau, akitabasamu. Sasa najua kwa nini alitabasamu, ingawa yeye mwenyewe hakujua. Wapumbavu nao hubahatisha. Tulirudi barabara kuu. Sabini, themanini, tisini. Na kwenye tisini usukani ukaanza tena kunicheza mikononi.

 Shimelis, kule nyuma kwenye magunia, akaanza kucheka. Alicheka taratibu, kwa raha, kama mtu anayekunywa kitu kitamu.

"Ameosha msiba bure," akasema. "Jamani! Ameosha msiba wa ndugu yangu bure!"

"Mungu amejibu," akasema Etiye Abonesh.

 Gashe Woldeyes alinigeukia mara moja, na sura yake haikuwa na hasira, ilikuwa na kinyaa. Afadhali angenipiga. Nilikuwa nimekanyaga desturi yao mbele ya watu wa kituo cha mafuta, na sikuwa na cha kuonyesha.

Nilishika usukani nikausikiliza, maana hapakuwa na kitu kingine cha kusikiliza ndani ya gari hilo. Haukuwa ule mtetemo wa asubuhi. Ule ulikuwa unaruka. Huu ulikuwa mwepesi, wa haraka, unarudi palepale kila mzunguko. Kitu kingine kilikuwa kizito sasa. Kitu kidogo zaidi.

Risasi za Nuredin.

Ikawa zamu yangu kucheka, kwa sauti, na Etiye Abonesh akajipiga ishara ya msalaba.

"Gashe," nikasema, "unajua mzani wangu wa pilipili?"

"Niache, mwanangu."

"Huku naweka jiwe, huku pilipili. Sivyo? Nikimwaga pilipili nikaacha jiwe, mzani unakaaje?"

"Unalala upande mmoja," akasema kwa kuchoka.

"Nuredin aliweka jiwe la matope. Matope nimemwaga. Jiwe bado liko."

Shimelis akapiga ulimi. "Sasa ni hadithi za mzani! Kesho atasema ni gunia. Gashe, tafadhali, tufike, tumalize, turudi. Jamaa yangu ananingoja."

"Anakungoja?" Gashe Woldeyes akauliza.

"Nimempigia simu pale kituoni."

"Nilipokuwa bado sijasema kitu cha mwisho?"

"Ulisema, Gashe. Ulisema basi."

Mzee akatazama nje, kwenye mashamba ya nafaka ya teff. Watu wapole huvumilia mengi, lakini hawapendi neno lao lichukuliwe mdomoni kabla halijatoka.

"Bishoftu kuna fundi wa matairi?" akaniuliza.

"Wapo."

"Mara ya mwisho, Zenebech. Baada ya hapo hata likipaa sitaki kujua."

Fundi wa Bishoftu simjui jina wala hakutuuliza letu. Nilimwambia atoe risasi zote, zote kabisa, apime gurudumu likiwa tupu, na Shimelis akamwambia achukue muda wake, mjane ana pesa za kuchezea. Risasi zilipong'olewa zilijaa kiganja. Mashine ilipomaliza kupima, la kushoto lilihitaji kipande kimoja kidogo, la kulia viwili. Alinipa zile za Nuredin nizirudishe nikitaka. Nilimpa Shimelis.

"Chukua," nikasema. "Vipuri vya chasisi."

 Alizishika bila kujua aziweke wapi, mwishowe akazitupa, akajifuta mkono kwenye suruali, na hapo ndipo suti ya kijivu ilipopata doa lake la kwanza.

Njia ya kijijini inaingilia palepale Bishoftu. Sikuifuata. Nilirudi barabara kuu nikaelekea Modjo, na waliponiuliza naenda wapi nikasema nageuza mbele. Themanini. Tisini. Nikangoja kwenye tisini, viganja wazi, vidole viwili tu vimegusa. Mia. Mia na kumi. Nilisikia lami. Nilisikia upepo kwenye dirisha lililoshindwa kufunga vizuri tangu tulinunue. Usukani ulikuwa umelala mikononi mwangu kama mkate.

"Gashe, unaona?" nikasema.

Gashe Woldeyes hakujibu. Nikageuka kidogo. Kichwa kimeegemea kioo, mikono imelala mapajani, mdomo wazi. Alikuwa anakoroma.

Nilimwacha alale mpaka Modjo, nikageuza, nikarudi naye mpaka njia ya kijijini, naye hakuamka. Muda wote huo Etiye Abonesh alikuwa anatazama mikono yangu kwa katikati ya viti. Karibu na mwisho akasema, chini sana, si kwangu:

"Kwa hiyo ameuachia."

Sikuwa na dharau ya kumjibu. Ilikuwa imeniishia kwa wakati huo.

Lakini Shimelis akanirudishia. Alikuwa amenyamaza muda mrefu, nami nilikuwa karibu kumhurumia. Kumbe alikuwa anapiga hesabu.

"Shemeji," akasema kwa sauti laini, ile ya sokoni. "Unajua, gari likiwa katika hali hii, jamaa yangu anaweza kuongeza. Tena sana. Hili si gari la kumpa mtu hivihivi. Hili ni gari zuri."

"Asubuhi lilikuwa maiti," Gashe Woldeyes akasema, macho bado yamefungwa.

"Gashe! Nilidhani umelala."

"Nimelala. Mpigie mtu wako simu umwambie anywe kahawa yake, aende nyumbani. Gari linabaki na anayeliendesha."

"Lakini Gashe, mwanamke peke yake, barabarani, na mizigo..."

"Nimesema nimelala."

Ndivyo neno lilivyotoka. Halikutolewa siku ya arobaini mbele ya ukoo, kwa heshima na kahawa. Lilitolewa ndani ya gari, na mzee mwenye usingizi aliyekuwa amechoka kumsikia Shimelis. Nililipokea hivyohivyo.

Kijijini mapadri walikuwa wamekwisha kuambiwa. Sijui ni nani aliyetutangulia na habari. Naamini Etiye Abonesh alipiga simu wakati narudisha magurudumu kule Dukem. Walipanga misa na Gashe Woldeyes nikiwa nimesimama nje ya ua. Wakakata shauri: mimi niliyeosha chombo cha msiba kabla ya siku sitasimama mbele pamoja na wanawake wa ukoo. Nitasimama nyuma, karibu na lango, na wapita njia. Shimelis, ambaye ndevu zake zilikuwa zimenyolewa tangu wiki ya kwanza kwa sababu wateja hawapendi ndevu, atashika mshumaa. Hakuna aliyemuuliza juu ya ndevu. Nami sikuuliza. Kwa watu wa namna ile mtu hapotezi pumzi.

Nilikwenda kaburini peke yangu wakati wanazungumza. Nyasi zilikuwa zimeanza kuota. Nilimwambia Admasu kwamba la kushoto lilihitaji kipande kimoja tu, la kulia viwili. Angetaka kujua hilo kabla ya mambo ya mapadri.

Wakati wa kuondoka mashamba ya chini bado yalikuwa na maji, na gari likakwama palepale lilipokwama siku ya maziko. Shimelis akasukuma. Hakukuwa na mwanamume mwingine ila Gashe Woldeyes, na huyo hakushuka. Magurudumu yalimrushia udongo kuanzia viatu hadi miwani, akatukana mpaka Etiye Abonesh akamkumbusha kwamba kanisa bado linaonekana.

Tulipofika mwisho wa mashamba, kabla njia ya udongo haijashika lami, nilisimamisha gari nikashuka na bisibisi.

"Tena?" Shimelis akasema.

Gashe Woldeyes akafungua mlango wake apate hewa, akangoja. Etiye Abonesh aligeuza uso upande wa pili, lakini hakupiga kelele. Nikageuza usukani mpaka mwisho, nikapiga magoti, nikapenyeza mkono nyuma ya rimu ya kushoto, halafu ya kulia. Udongo ulikuwa bado laini, ulitoka bila shida. Niliuacha palepale, shambani kwao.